Mwaka wa Samadi Baridi

Baba mkwe wangu tumemzika juzi juzi tu, hapa hapa Suma, na miguu yangu bado haijanisamehe. Msiba wa mzee wa umri ule ni kazi kama kazi nyingine: kupika, kuosha masufuria, kutandika mikeka, kuitikia pole za watu ambao wengine hata siwajui, kulala kidogo na kuamka kupika tena. Sasa turubai limeondolewa, wageni wamerudi Mbeya na Dar es Salaam, na mimi nimebaki na vyombo vya kuazima ambavyo bado havijarudi kwa wenyewe. Jina la marehemu sitaliandika. Silifichi, ila tangu nilipoolewa sijawahi kulitamka, na mdomo wa mtu wa umri wangu haujifunzi upya. Kwa desturi niliyoikuta huku Unyakyusa, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, hapiti mahali alipokaa, na akimsikia anakuja anajificha. Vijana wa siku hizi wanakaa na wakwe zao sebuleni wakitazama mpira pamoja, na mimi sioni ubaya wowote. Sisi wawili tulikimbiana mpaka mwisho. Hata miaka hii alipokuwa hawezi kuinuka kitandani, uji niliukoroga mimi jikoni na mtu mwingine akampelekea.

Kilichonifanya nishike kalamu si msiba wenyewe, ni mjukuu wangu Baraka. Amepanda parachichi kama kila kijana wa Rungwe mwenye kipande cha ardhi, na mwaka huu alileta lori zima la samadi kutoka kwa wafugaji wa bondeni, huko kwenye mashamba ya mpunga. Siku wageni wa mwisho walipoondoka tulikaa nyuma ya nyumba tukikwangua ukoko wa masufuria, akaniambia kwamba samadi ameiweka kwa wingi lakini miche imekuwa ya njano. Nikamuuliza wale ng'ombe walikuwa wanakula nini. Akacheka mpaka akaweka sufuria chini. "Bibi, mimi nimenunua mavi, sijanunua menyu," akasema. "Kwani samadi si samadi tu?" Nikamwambia hapana, si samadi tu, ng'ombe aliyeshinda na majani makavu ya mpunga hawezi kukupa kitu ambacho yeye mwenyewe hakukipata. Nilitaka kumweleza nilikojulia hayo, nikajikuta nimechoka, nikamwambia nitamwandikia. Nikiandika hakuna anayenikata kauli.

Nilikuja kwenye nyumba hii nikiwa msichana mwenye shingo ngumu na meno yote. Mume wangu alikuwa fundi magari Mbeya, na baada ya harusi aliniacha kwa wazazi wake, nimsubiri hadi apate chumba cha maana mjini. Chumba hicho kilichelewa sana, lakini hiyo ni habari nyingine. Mimi nilipewa chumba kilichoshikana na jiko, chenye kuta za mianzi zilizokandikwa udongo upande mmoja tu, kwa hiyo moshi wa jikoni ulikuwa wangu na maneno ya jikoni yalikuwa yangu pia. Jiko lenyewe lilikuwa na mafiga makubwa, uchanja wa kukaushia mahindi juu ya moto, na kigoda kimoja cha mama mkwe ambacho hakuna mwingine aliyekikalia. Jioni tulikula mbalaga, zile ndizi zetu za kupikwa, pamoja na maziwa mgando au maharage. Baba mkwe alikula nyumba ya mbele na wageni wake, na chakula alipelekewa na wifi yangu Tupokigwe, bintiye wa mwisho, msichana mpole aliyeogopa ugomvi kuliko alivyoogopa nyoka. Baba mkwe mwenyewe nilimjua kwa sauti. Nilijua kikohozi chake, nilijua mguu wake mmoja uliokuwa mzito kwa ajili ya goti, na nilijua wimbo wa kanisani aliouimba kwa besi kila alipokaribia upande wetu, ili nisikie na kupisha. Hakukosa kuuimba hata siku moja. Leo nikiufikiria naona ulikuwa ni uungwana, ingawa wakati ule ulinikimbiza kama kuku.

Mwaka huo huo nyumba ilipata ng'ombe wa kisasa kutoka kwenye kikundi cha wafugaji. Ng'ombe wa kienyeji walikuwapo, walitoka asubuhi kwenda kuchunga kando ya mto na kurudi jioni, lakini huyu mpya hakuruhusiwa kutoka. Alijengewa banda nyuma ya nyumba, na kila alichokula ilibidi aletewe. Wa kumletea nilikuwa mimi. Baba mkwe aligawa kazi kwa akili nzuri tu: samadi ya ng'ombe wa kienyeji iende kwenye migomba ya bondeni, karibu na zizi lao, na samadi ya banda iende kwenye migomba ya juu, ile inayoizunguka nyumba. Hiyo ya juu ndiyo aliyoipenda. Ilipandwa na baba yake, kila aliyepita njia ya Masoko aliiona, na wageni walipomaliza kusalimiana walizungushwa huko kwanza kabla ya kukaribishwa chai. Aliposema samadi ya banda iende kule, alikuwa ananipa heshima. Tupokigwe aliniambia hivyo na mimi nilivimba kichwa siku nzima.

Basi niliweka samadi hiyo kwa bidii ya bibi harusi. Nilizoa kwa beleshi, nikabeba kwa karai, nikalundika nyuma ya banda, nikafunika na majani ya migomba ili mvua isiioshe, na ilipokaa nikaipeleka kwenye mashina. Miezi ya baridi ilipoingia, ule ukungu wa Rungwe ulipokuwa haunyanyuki mpaka saa nne, nikaanza kuona jambo. Asubuhi lundo la ng'ombe wa kienyeji lilifuka. Ukifunua majani ya juu mvuke ulikupiga usoni, na kuku walipenda kusimama pale kuota joto. Lundo langu halikufuka. Nilitia mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, ukatoka umelowa na baridi. Mavi yenyewe yalikuwa na nyuzi nyuzi, rangi ya majani ya chai yaliyochujwa mara nyingi, hayakunuka sana wala hayakuoza upesi. Nilifikiri labda ni tabia ya ng'ombe wa kisasa. Sikumuuliza mtu. Kisha machipukizi ya migomba ya juu yakaanza kutoka membamba, na majani yake yakafifia kuanzia pembeni. Ya bondeni yalikuwa meusi kwa ukijani.

Sasa niseme alichokula yule ng'ombe, maana ndipo penye shida yote. Alikula migomba. Shina la mgomba uliokwisha kuvunwa nilikuwa nalikata vipande, namtupia, anatafuna na maji yanamchuruzika kidevuni. Majani mengine nilitafuta kando ya mto, lakini kiangazi kila mwanamke wa Suma alikuwa huko na mundu wake, na nilipojaribu kingo za mashamba ya chai mlinzi alinifukuza kwa matusi ambayo siyarudii. Nilirudi na mzigo wa kuaibisha, nikauchanganya na migomba, nikamwomba Mungu ng'ombe asijue tofauti. Wakati huo huo majani mazuri kuliko yote yalikuwa hapo hapo nyumbani. Baba mkwe alikuwa amepanda gwatemala, yale majani mapana marefu ya mifugo, safu kwa safu kwenye kingo za matuta, mbele kabisa ya baraza lake. Aliyapanda pale makusudi ili mkamwana wake asihangaike kwenda mbali. Na akishakunywa chai ya asubuhi alitoka, akaweka kiti chake barazani kwa sababu goti lilikuwa limemzuia shamba mwaka ule, akakaa kuyatazama majani yake karibu kutwa nzima.

Mtu ambaye si wa kwetu akisoma hapa atauliza, si ungeenda tu ukakata? Nisingeweza. Kukata yale majani ni kusimama mbele ya macho ya baba mkwe, kuinama, kumpa mgongo, kugeuka, kumpa uso. Hakuna mkamwana aliyefanya hivyo akabaki na jina. Alipokuwa amekaa pale, mbele yote ya nyumba ilikuwa imefungwa kwangu kama mlango. Usiku na alfajiri alikuwa ndani, na dirisha lake lilitazama hapo hapo. Nilikata gwatemala siku alipokwenda kwenye misiba tu. Mungu anisamehe, mwaka ule nilifurahia misiba ya watu. Nilikuwa nikisikia yowe ng'ambo ya mto natafuta mundu kabla sijauliza nani amekufa. Siku hizo ng'ombe wangu alishiba, akalala chini akicheua na macho nusu, na kesho yake hata mavi yake yalikuwa mengine. Kisha baba mkwe alirudi kitini na sisi tulirudi kwenye migomba.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki kumchoma ng'ombe sindano. Alikuwa mtu wa kuja, hakuwa Mnyakyusa, kijana mwenye haraka lakini mwenye moyo mzuri. Akainama kwenye hori, akachukua kipande cha mgomba, akakikamua mkononi maji yakatoka. "Dada, huyu unamnywesha, humlishi," akasema. "Mgomba ni maji. Maziwa yatapungua, na samadi yake haitakuwa na nguvu, itakuwa makapi. Majani ya mimea hayawezi kupata ukijani kutoka kwa ng'ombe ambaye mwenyewe hakupata. Mpe majani machanga, mpe na mabua ya maharage mkishapura, na majani ya viazi vitamu. Halafu, kwani yale gwatemala pale mbele ni ya nani? Yanazeeka bure." Nilitazama chini. Ningemweleza nini? Nikasema ni ya mzee. Akasema, "Basi mwombe mzee," akawasha pikipiki akaenda zake, akidhani amenisaidia.

Jioni ile nilimwita Tupokigwe jikoni, nikampa maneno pole pole kama mtu anayemfundisha mtoto shairi. Nikamwambia, "Wifi, mwambie baba kwamba ng'ombe anakula migomba kwa sababu majani ya mbele siwezi kuyafikia yeye akiwa pale. Mwambie ndiyo maana samadi ni baridi na migomba inafifia. Mwambie kwa heshima." Tupokigwe akaitikia, akajitwisha sinia la mbalaga, akaenda. Nilisogea kwenye pembe ya jiko, mahali ambapo udongo ulikuwa umebanduka na sauti ya nyumba ya mbele ilifika vizuri. Nikasikia sinia linatua. Kisha sauti ya Tupokigwe, nyembamba: "Baba, mkamwana anawasalimu sana." Na yeye akashukuru kwa Kinyakyusa, kwa besi yake, "Ndaga. Mwambie akate majani." Tupokigwe aliporudi hakunitazama. Alisema, "Wifi, nilitaka kusema, yakakwama." Sikumkasirikia. Binti gani angemwambia baba yake, mbele ya wageni, kwamba yeye ndiye anayemzuia ng'ombe kula?

Maneno ya watu yakaanza kama kawaida yake. Rafiki mmoja wa mama mkwe alikuja kuazima kinu, akaona lundo langu, akauliza mbona halifuki. Jumapili kanisani ikasemwa mkono wa bibi harusi una baridi, kila anachokigusa hakipati moto, na wengine wakatazama tumbo langu ambalo nalo lilikuwa bado tupu. Mama mkwe alinitetea mara moja, mara ya pili akanyamaza. Mume wangu alipokuja kwa siku chache nilimweleza yote, akasema nivumilie, baba ni mtu mzima, akala maziwa mgando akarudi Mbeya. Ubaya wa uchovu wa mwaka ule haukuwa kubeba mizigo. Nilikuwa na nguvu za kubeba. Ubaya ulikuwa kujua kitu kilichokuwa kinaharibika, kujua na dawa yake, na kutokuwa na mdomo wa kukisemea.

Baba mkwe naye alikuwa na mdomo, ila hakuweza kuuelekeza kwangu. Kwa hiyo alisema na ng'ombe. Alikuja alasiri akiimba wimbo wake, mimi nikakimbilia nyuma ya jiko, naye akasimama bandani na kuongea kwa sauti ya kutosha kufika nilipojificha. Aliongea Kinyakyusa, mimi nayaandika kwa Kiswahili, isipokuwa lile gwe, yaani wewe. "Gwe ng'ombe, pole sana," alisema. "Nilikupandia majani mlangoni kabisa. Yamekomaa mpaka yanakata mikono. Yeye anayapita, anaona uvivu kuinama, anakukatia migomba ya baba yangu." Siku nyingine alisema, "Umepata mtu asiyekupenda." Nilisimama nimeushika ukuta wa mianzi, machozi yananitoka kwa hasira. Alikuja bandani nikiwa nimekwisha kukimbia, akakuta kwenye hori vipande vya migomba vilivyobaki, maana majani machache mazuri ng'ombe alikuwa ameyamaliza kwanza. Ningekuwa mimi ningefikiri hivyo hivyo. Hilo nalisema leo. Siku ile nilimchukia.

Ndipo nikasikia, kupitia ile pembe ya jiko, kwamba ametuma mtu Matwebe kwa kaka zangu. Waje wanichukue, nikae nyumbani kidogo, mama yangu anifundishe upya. Kwa maneno ilikuwa ni likizo. Kila mtu wa kwetu anajua maana yake: bibi harusi amerudishwa kwa uvivu. Nilimfikiria mama yangu, aliyenifundisha kuchuma chai nikiwa sijafikia bega la mche. Nilimfikiria kaka yangu mkubwa, Ambwene, ambaye ng'ombe wa mahari yangu alikwisha kuwapeleka ukweni kwake alipooa. Nikirudi, ndoa yake nayo inatikiswa. Sikulala vizuri siku zile. Kama ningeitwa mchoyo au mkali wa maneno ningevumilia, kwa sababu pengine ni kweli. Uvivu haukuwa wangu, na sikutaka kuzeeka nao.

Alasiri moja nilirudi kutoka mtoni na mzigo wa majani yaliyochanganyika na miiba, nikauangusha bandani, nikasikia wimbo unakuja. Miguu ilikataa kukimbia. Si ujasiri, nilichoka tu. Nilichuchumaa nyuma ya hori, nikajifunika kanga kichwa chote mpaka puani, nikampa mgongo. Wimbo ukakatika. Alijua kwamba nipo, alisimama nje ya banda asiingie. Kisha akasema na ng'ombe, kwa upole kuliko siku nyingine, "Gwe ng'ombe, kaka zake wanakuja kukuondolea huyu." Nikaweka mkono kwenye pua ya yule ng'ombe, nikasema naye mimi pia. "Gwe ng'ombe," nikasema, "usilie. Majani yako yapo, umepandiwa na mtu anayekupenda. Lakini yamekaliwa. Mwenye kuyapanda amekaa mbele yake tangu asubuhi, na mimi nimelelewa nyumba yenye adabu, siwezi kupita hapo. Akienda msibani unakula. Akirudi unakunywa migomba, na unachokunywa ndicho ninachokizoa, na nikizoacho ndicho inachopewa migomba ya juu. Tia mkono kwenye lundo utaona baridi yake. Si mkono wangu ulio baridi, ni tumbo lako." Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo mbele yake, na sikusema tena.

Nikasikia mguu mzito unakwenda, si kuelekea nyumbani, bali nyuma ya banda, kwenye lundo. Akakaa huko kitambo. Halafu akaondoka bila wimbo, kitu ambacho hakuwahi kufanya, na mimi nikabaki nimejifunika, nikiwa na hakika kwamba sasa nimevunja kila kitu.

Kesho yake baada ya chai kiti hakikuwa barazani. Mama mkwe alikuja jikoni ameshika kiuno. "Mzee wenu amechanganyikiwa," akasema. "Amehamisha kiti, amekwenda kukaa nyuma ya stoo ya kahawa, kwenye matone ya paa, na kuku. Ameniambia huko ndiko kuna hewa." Tupokigwe akanitazama, mimi nikachukua mundu. Yale majani yalikuwa yamezeeka kweli, magumu, yananikata vidole. Ya kwanza nilimtandikia ng'ombe chini maana hata kuliwa hayakufaa. Lakini gwatemala ukiikata inachipua, na machipukizi yakaja laini, mapana, yenye maji ya kutosha na kitu ndani yake. Nikaongeza mabua ya maharage na majani ya viazi. Mavi yakabadilika rangi kwanza, kisha harufu, ile harufu kali inayopanda puani ambayo mtu wa mjini angeikimbia na mimi niliivuta kama uvumba. Yakawa mazito, meusi. Na asubuhi moja ya ukungu nilipofunua lundo, mvuke ukanipiga usoni. Kuku wakahamia kwangu. Nilicheka peke yangu pale, nikalia pia kidogo.

Ajabu ni kwamba hapo ndipo nilipoanza kutaka kwenda nyumbani. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu ninalolipata si la kupendeza. Ng'ombe aliyeshiba alitoa maziwa zaidi, akala zaidi, akanya zaidi. Kila kilichofanikiwa kiliongeza mzigo kichwani mwangu. Wakati wa aibu nilikuwa napigana, na mtu anayepigana hasikii uchovu. Aibu ilipoondoka nikausikia wote kwa mara moja. Mume alikuwa hajaonekana tena. Shingo iliniuma usiku na mchana. Nilifikiri, kaka zangu wakija sasa nitakwenda nao nikiwa na jina safi, nikae kwa mama yangu, nichume chai kama mtu huru, na hakuna atakayesema nilifukuzwa kwa uvivu. Neno lililopelekwa Matwebe halikuwa limefutwa, na kaka zangu walikwisha kujibu kwamba watakuja mvua zikianza. Nikafunga nguo zangu kwenye kitenge, nikaziweka chini ya kitanda.

Walikuja siku ya mvua ya kwanza, Ambwene na baba yetu mdogo, na makoti yao yakitiririka maji. Walichinjiwa kuku. Mimi nilipika nikiwa nimejifunika, Tupokigwe akapeleka, na baada ya kula mazungumzo yakaanza. Nilisimama kwenye pembe yangu ya jiko. Baba mdogo alitangulia kuomba radhi kwa niaba ya ukoo, kwamba mtoto akikosea ni wazazi wamekosea, na kama amekuwa mvivu watamrudisha kwa mama yake. Alikuwa na aibu, niliisikia sauti yake inakwaruza. Baba mkwe akamwacha amalize. Kisha akasema, "Sura yake siijui na sitaki kuijua. Lakini kazi yake naijua. Nilidhani amemnyima ng'ombe wangu chakula, kumbe chakula nimekikalia mimi. Mtu mzima, nimepanda majani, nimeweka kiti juu yake, halafu nimewaita ninyi mje kuona uvivu wa mtoto wenu." Akawaambia watoke wakaione migomba, na nikawasikia wanatoka kwenye mvua, wote watatu, na Ambwene anasema "eee" kila baada ya hatua chache kama mtu anayeoneshwa utajiri. Waliporudi baba mkwe alimalizia kwa kifupi. "Nyumba hii bila yule mtoto haina samadi. Mrudi kwa amani. Haondoki."

Wakacheka kwa faraja, wote, hata mama mkwe. Nilimsikia Ambwene anacheka kicheko chake cha utotoni, kicheko cha mtu ambaye ng'ombe wa mke wake hawatadaiwa. Hakuna aliyeniuliza. Na wala sikudhani wangeniuliza, ila nilikuwa nimesimama pale nikisubiri, mkono mmoja ukutani. Kabla hawajaondoka Ambwene alipita nyuma ya jiko, akasimama upande wa pili wa mianzi, nikaona koti lake kwenye nyufa.

"Dada," akasema, "umetuheshimisha. Umeshinda."

Nilitaka kumwambia, nichukueni. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, na lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini alikuwa amefurahi mno, na mvua ilikuwa inazidi, na baba mdogo alikuwa anamwita njiani.

"Msalimieni mama," nikasema. "Mwambieni Krismasi nakuja."

Krismasi ilipofika ng'ombe alikuwa amezaa, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumkatia majani.